GAD hasi, sukari juu: seli za kinga zinafanya nini kwenye kongosho?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Mwezi wa tatu alianza kukonda, kunywa maji bila kukata kiu na kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu mdogo. Tulimfikisha hospitali akiwa anahema kwa shida. Wakasema ni kisukari cha aina ya kwanza, wakamwanzishia insulini. Muuguzi akatueleza kwamba "askari wa mwili wake wameshambulia kongosho". Baadaye tukampeleka maabara binafsi kupima kingamwili za GAD, jibu likatoka hasi. Sasa shemeji yangu anasema kama kingamwili hazipo basi si aina ya kwanza, insulini tuipunguze, na ametuletea kopo la unga wa kuongeza kinga. Baba yake mtoto naye ana kisukari, cha aina ya pili, anameza metformini. Naomba unieleze kitaalamu, usinifiche: hao askari ni nini hasa, na kwa nini kipimo hakikuwaona? Na mdogo wake wa miaka 6 je? (Mama wa watoto wawili, Mwanza)

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa mliyopitia. Nianze na lisilosubiri: insulini isipunguzwe hata yuniti moja kwa sababu ya karatasi ile ya maabara. Dozi hubadilishwa na kliniki kwa kuangalia sukari inavyopanda na kushuka kwenye daftari lake, basi. Mtoto anayehema vile, amekonda na anakojoa hovyo, kwa kawaida damu yake imeshajaa asidi ya ketoni, na ketoni hujaa namna hiyo pale insulini ya mwilini inapopungua mno. Kipimo cha GAD, yaani cha kutafuta kingamwili (protini za kinga zilizo kwenye damu) dhidi ya GAD, protini mojawapo ya kongosho, hakisemi kama kongosho bado linatoa insulini au la. Kinasema jambo jingine kabisa, na ndilo ulilouliza.

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Sehemu yake kubwa hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Ndani ya nyama hiyo kumetawanyika vifungu vidogo vya seli, kama milioni moja hivi, ambavyo vyote kwa pamoja havizidi asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kongosho. Aliyeviona kwanza na kuviandika ni Paul Langerhans, mwaka 1869, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, na hadi leo tunaviita visiwa vya Langerhans. Humo ndimo zilimo seli beta, zinazotoa insulini, zikichanganyika na nyingine kama seli alfa, zinazotoa glukagoni ya kupandisha sukari.

Watu wengi hudhani seli za kinga zikionekana ndani ya visiwa hivi basi ni ugonjwa. Sivyo. Katika kongosho lenye afya kabisa huishi makrofaji, seli kubwa za kinga zinazomeza mabaki na kunusa kinachoendelea. Wakati kongosho linajengeka, hizi ni sehemu ya wajenzi: panya waliozaliwa na hitilafu inayowanyima makrofaji huwa na seli beta chache kuliko wenzao. Na kwa panya imeonekana pia kwamba makrofaji wa kwenye visiwa humeza chembe za insulini zinazotoka seli beta, wakawa wanatembea na sampuli ya kila kinachotengenezwa pale. Hilo la mwisho lina faida na lina hatari, kwa sababu sampuli hizo huonyeshwa kwa seli nyingine za kinga, ambazo ndizo huamua kama hiki ni chetu au ni adui.

Waamuzi hao ni seli T. Hukomaa kwenye tezi ya thaimasi, iliyopo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Huko huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, insulini ikiwemo, na zile zinazong'ang'ania vipande hivyo kwa nguvu huuawa kabla hazijatoka. Mchujo huo si kamili. Kila mtu, hata mimi na wewe, ana seli T chache zilizopenya ambazo zingeweza kumshambulia. Kinachotuokoa ni kundi la pili, seli T dhibiti, ambazo kazi yao ni kuzituliza nyingine. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995, na mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakiwa Marekani walipata jeni inayohusika, FOXP3. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2025. Ukitaka kujua seli hizi zina uzito gani kwa kongosho, waangalie watoto wachache mno wanaozaliwa na FOXP3 iliyoharibika: wengi wao hupata kisukari wakiwa wachanga, pamoja na kuharisha kusikokoma na magonjwa ya ngozi.

Kwa hiyo picha ya askari aliyowapa muuguzi inafaa, ila inapotosha mahali pamoja. Wapo askari wa kuua, wapo wa kuwazuia wale wa kuua, na wapo wanaofagia na kujenga. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale wa kuua wanapowashinda wazuiaji, ndani ya visiwa vile tu, huku sehemu nyingine ya kongosho ikiendelea kusaga chakula bila tatizo kubwa.

Ushahidi wa macho ulipatikana Ubelgiji. Mwaka 1965 Willy Gepts alichapisha uchunguzi wa makongosho ya vijana 22 waliofariki muda mfupi baada ya kupata kisukari. Katika 15 alikuta seli nyeupe za damu zimejazana ndani na pembezoni mwa visiwa. Wakati ule wengi walikuwa wameshasahau kwamba kitu kama hicho kipo. Siku hizi tunaweza kuzitaja kwa aina. Zinazoongoza kwa wingi ni seli T za CD8, wale wa kuua, zikifuatiwa na makrofaji, kisha seli T za CD4, zinazosaidia na kuelekeza nyingine, na seli B, ambazo uzao wake hutoa kingamwili. Watafiti wa Exeter, Uingereza, wameonyesha pia kwamba umri una lake: watoto wanaogunduliwa kabla ya miaka 7 huwa na seli B nyingi kwenye visiwa na hupoteza seli beta haraka, na wanaogunduliwa wakiwa na miaka 13 au zaidi huwa na seli B chache na bado hubakiwa na seli beta kiasi.

CD8 huua hivi. Karibu kila seli ya mwili huweka juu ya ngozi yake vipande vya protini inazotengeneza, vimeshikwa na protini ziitwazo HLA. Seli beta hutengeneza insulini kwa wingi wa ajabu, hivyo vipande vyake vingi ni vya insulini na vya mtangulizi wake. CD8 inayovitambua hujibandika, hutoboa ukuta wa seli kwa perforini na kuingiza granzaimu, vimeng'enya vinavyoiamuru seli ijiue. Makrofaji wa jirani huongeza moto kwa kutoa saitokini, protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo, kama IL-1 beta na TNF. Seli beta yenyewe nayo ina mchango wake, na hapa wataalamu hubishana. Ikishambuliwa na kirusi au ikilemewa na kazi, huongeza HLA juu yake, yaani inajitangaza zaidi kwa wauaji. Mtafiti Franco Bottazzo aliuliza waziwazi mwaka 1986 kama seli beta huuawa au hujiua. Kwa maoni yangu, miaka yote iliyopita imeonyesha ni vyote viwili.

Sasa tuje kwenye karatasi yako. Kingamwili za kongosho ziligunduliwa London mwaka 1974, Bottazzo huyohuyo akiwa mmoja wa wagunduzi. Kingamwili ni protini zinazotolewa na uzao wa seli B na kuelea kwenye damu, ndiyo maana maabara huziona kirahisi. Lakini muuaji mkuu si hizo. Nina sababu tatu za kusema hivyo. Mama mwenye kisukari cha aina ya kwanza humpitishia mtoto tumboni kingamwili hizi kupitia kondo la nyuma, na mtoto huzaliwa nazo kwenye damu bila kuwa na kisukari. Baada ya miezi kadhaa hupotea. Pili, mwaka 2001 iliripotiwa habari ya kijana wa miaka 14 aliyezaliwa bila uwezo wa kutengeneza seli B, kwa hiyo bila kingamwili za maana, na bado akapata kisukari cha aina ya kwanza.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Huko Minnesota, Marekani, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, timu ya David Sutherland ilipandikiza vipande vya kongosho kutoka kwa pacha mzima kwenda kwa pacha wake wa kufanana mwenye kisukari. Kwa kuwa miili yao ni sawa kabisa, haikuonekana haja ya kumpa mpokeaji dawa za kuzuia mwili kukataa kiungo. Sukari ikakaa sawa. Baada ya wiki chache ikapanda tena. Walipochukua nyama na kuiangalia kwa hadubini, kipande hakikuwa kimekataliwa: sehemu ya vimeng'enya ilikuwa salama, seli alfa zilikuwepo, zilizotoweka ni seli beta peke yake, na seli nyeupe zilikuwa zimejaa visiwani. Wapokeaji hao walikuwa wameugua kwa miaka mingi, seli beta zao wenyewe zilishakwisha zamani, lakini seli T zao zilikuwa bado zinakumbuka.

Kwa hiyo kipimo hakikuwaona askari kwa sababu hakiwatafuti. Hutafuta kingamwili, ambazo ni dalili kwamba mapambano yapo. Seli T zenye kosa ni chache sana kwenye damu. Zimejificha ndani ya kongosho, na kongosho si kiungo cha kukatwa kipande cha nyama ili kipimwe, maana likijeruhiwa huvuja vimeng'enya vinavyosaga nyama ya jirani. Nchini Norwe watu wazima 6 waliokuwa wametoka kugunduliwa kuwa na ugonjwa walijitolea kukatwa kipande kidogo cha mkia wa kongosho kwa ajili ya utafiti. Ulitoa elimu kubwa, ikiwemo dalili za virusi vya jamii ya entero kwa wote 6, lakini ulisimamishwa hapohapo kwa sababu ya madhara ya upasuaji.

Halafu kingamwili za GAD ni moja tu kati ya aina nne tunazozitafuta. Nyingine ni za IA-2 na ZnT8, ambazo ni protini nyingine za seli beta, na kingamwili za insulini yenyewe. Hii ya mwisho haina maana tena kwa mwanao: mtu akishachomwa sindano za insulini kwa wiki mbili hivi, mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya ile ya sindano, na jibu haliaminiki. IA-2 na ZnT8 bado zinafaa kupimwa kama zinapatikana na fedha inaruhusu. Wapo watoto wengi ambao GAD yao ni hasi na moja ya hizo ni chanya.

Na hata zote zikiwa hasi? Hapo ndipo habari ya karibu na kwetu inapoingia. Julai 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda, Kameruni na Afrika Kusini kwa watu 894 waliopata kisukari wakiwa vijana na kutibiwa kama aina ya kwanza. Takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili yoyote ya kawaida, na wengi wa hao hawakubeba pia mzigo wa kurithi, kama ule wa HLA, unaoambatana na aina ya kwanza. Maana yake, upungufu mkubwa wa insulini unaweza kutokea kwa njia ambayo haionekani kuongozwa na seli za kinga. Hawa hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili, wala na kisukari cha utapiamlo. Lakini walihitaji insulini. Shemeji yako ana nusu ya hoja: inawezekana kweli si aina ya kwanza ile ya vitabuni. Hitimisho lake ndilo la hatari. Anayekosa insulini humhitaji mtu wa kumpa insulini, awe amenyang'anywa na seli T au na kitu kingine.

Kipimo kitakachosaidia kweli kinaitwa C-peptidi. Seli beta inapotoa insulini, hutoa na C-peptidi kwa idadi ileile, na insulini ya chupa haina C-peptidi. Ukiipima unajua mwili wake bado unajitengenezea kiasi gani. Ila usikimbilie sasa. Miezi ya mwanzo baada ya matibabu seli beta zilizobaki hupata nafuu, dozi hushuka, wengine wanadhani mtoto amepona. Hicho ni kipindi cha mpito na ndicho kinachowaponza watoto wengi, kwa sababu dawa yoyote ya kienyeji iliyotolewa wakati huo hupewa sifa. Jibu la C-peptidi huwa la kuaminika zaidi likichukuliwa baada ya miaka mitatu hivi ya kisukari. Chini ya pikomoli 200 kwa lita huelekeza aina ya kwanza au upungufu mkubwa wa insulini. Juu ya 600 hutufanya tufikirie upya, pengine aina ya pili au kisukari cha jeni moja.

Kopo la unga sasa. Sijui limechanganywa nini, na mara nyingi wanaouza hawasemi. Lakini fikiria hoja yenyewe: kama tatizo la mwanao ni seli T zenye bidii kupita kiasi, kwa nini uziongezee nguvu? Bahati ni kwamba unga mwingi wa namna hiyo hauongezi chochote isipokuwa gharama. Mlonge kwenye mboga si dhambi. Kuutumia badala ya insulini ni hatari ya kifo, na hutokea ndani ya siku chache, si miezi.

Kinachotafutwa na watafiti ni kinyume cha kuongeza kinga. Katika miaka ya 1980 Ufaransa na kwingineko walijaribu siklosporini, dawa ya waliopandikizwa figo. Wagonjwa wapya kadhaa waliacha insulini kwa muda, ushahidi mzuri kwamba seli T ndizo wahusika. Dawa ilipokatizwa sukari ilirudi, na ilipoendelezwa ilitishia figo. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, kingamwili ya maabara inayoshika seli T kwenye protini ya CD3 na kuzipooza. Wakati huo iliidhinishwa itolewe kwa dripu siku 14 mfululizo, kwa wenye miaka 8 na kuendelea, ambao wana kingamwili mbili au zaidi na sukari imeanza kuyumba lakini hawajaugua. Katika jaribio lake watu 76 walishiriki, na waliopewa dawa walichelewa kuugua kwa takriban miaka miwili kuliko wenzao. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa karibu dola 194,000 kwa dozi nzima. Kwa mwanao haifai hata ingekuwa bure, kwa sababu ameshapita hatua hiyo.

Baba yake ni habari nyingine, ingawa seli za kinga zimo pia. Katika aina ya pili CD8 hawaongozi mashambulizi. Uzito ukizidi, makrofaji hujaa kwenye mafuta ya tumboni na kutoa saitokini zinazofanya misuli na ini visiisikie insulini. Ndani ya visiwa, makrofaji huongezeka pia, na mabaki ya protini iitwayo amiloidi yanayojilundika kando ya seli beta huwachokoza watoe IL-1 beta. Mwaka 2007 anakinra, dawa inayozuia IL-1, ilijaribiwa kwa wagonjwa 70 kwa wiki 13, na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ikashuka kidogo. Jaribio kubwa la dawa ya kundi hilo, kanakinumabu, kwa watu zaidi ya 10,000 halikuzuia kisukari kipya. Basi dawa ya kutuliza makrofaji wa baba bado ni ileile: kupunguza tumbo, kutembea, kuacha sigara kama anavuta, na metformini yake. Asimpe mtoto vidonge vyake akidhani ugonjwa ni mmoja.

Kuhusu mdogo wake: katika familia za Ulaya na Marekani, ndugu wa mgonjwa wa aina ya kwanza hupata ugonjwa huo kwa takriban asilimia 5, yaani 19 kati ya 20 hawaupati. Huko, mtoto akikutwa na kingamwili mbili au zaidi, kama asilimia 70 huugua ndani ya miaka 10. Akiwa na moja tu, ni kama asilimia 15. Kwa mazingira yetu, na kwa kuwa kaka yake GAD ni hasi, sioni sababu ya kutumia fedha kumpima kingamwili sasa hivi. Glukometa ipo nyumbani tayari. Akianza kunywa maji ovyo, kuamka usiku kukojoa, kukonda au kutapika bila sababu, mtoboe kidole saa hiyohiyo. Ikisoma milimoli 11 kwa lita au zaidi, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali na mwambieni daktari wa zamu kwamba kaka yake anatumia insulini.